Imani ya Wazao na Uhai wa Mababu

Vipo vitu ambavyo uhai wake wote ni kuaminiwa. Januari 1993 askari wa Zaire (Kongo ya leo) walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa amezitangaza batili, wafanyabiashara wakazikataa, na fedha ikabaki karatasi. Shaba ya Katanga ni kitu kingine: ilikuwamo ardhini kabla mtu yeyote hajaijua. Je, mizimu, uchawi na Mungu viko upande wa noti au wa shaba?

Jibu moja lililofika mbali lilitoka Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville. Mwaka 1945 kilichapishwa huko kitabu La Philosophie bantoue cha Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi na Waluba. Kwa maelezo yake, Waluba huona kwamba kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu huzidi au hupungua. Marehemu huishi kwa uhusiano wake na wazao. Ukikatika, amekufa kabisa. John Mbiti wa Kenya aliandika jambo la karibu na hilo mwaka 1969: marehemu hubaki katika “sasa” maadamu yupo aliyemfahamu kwa jina. Huyo wa mwisho akifa, marehemu huingia “zamani” na kuwa mzimu usio na jina.

Fundisho hili ndilo linalokaribia zaidi kuufanya uhai wa asiyeonekana utegemee walio hai, na lina uzuri wake: kilioni na katika kumpa mtoto jina la babu, wazao wanatimiza wajibu mzito. Lakini hata hapa wazao hawamtungi babu. Wanamtia nguvu aliyepo tayari. Kama hayupo, hakuna wa kutiwa nguvu. Tena, kueleza watu wanaamini nini bado si kuthibitisha kwamba wanachoamini ni kweli. Paulin Hountondji wa Benin alikataa kuita falsafa mkusanyo wa imani za jamii nzima. Kwake falsafa ni hoja za watu wanaojadiliana.

Kinachotegemea imani bila shaka ni matokeo yake, na mengine ni machungu. Mtoto anayeitwa mchawi baada ya msiba nyumbani hupigwa, hufukuzwa, hulala barabarani. Mateso hayo ni halisi kabisa, ila yanathibitisha hofu ya wakubwa tu. Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 41, inapiga marufuku kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaadhibu tuhuma hiyo. Ili kumwokoa mtoto, mahakama haihitaji kwanza kuamua kama uchawi upo.

Kuhusu Mungu, anayesali katika Kanisa Kuu la Petro na Paulo mjini Lubumbashi hadai kwamba sala yake ndiyo inayomweka Mungu mbinguni. Imani humbadilisha yeye na hujenga uhusiano. Kama Mungu yupo, yupo hata kwa anayemkana. Kama hayupo, wingi wa waumini haumleti. Na kwa sababu hiyohiyo, anayekana naye anadaiwa hoja.