Risasi Tano na Shahada Moja

Kila msimu wa mahafali, ninapovaa joho na kupanda jukwaani, humkumbuka Bina Das. Tarehe 6 Februari 1932, katika Ukumbi wa Seneti wa Chuo Kikuu cha Calcutta, binti huyu wa Kibengali, mhitimu wa miaka 20, alimfyatulia Gavana wa Bengal, Stanley Jackson, risasi tano. Zote zilimkosa. Makamu mkuu wa chuo, Hassan Suhrawardy, alimkamata, na kwa kitendo hicho akatunukiwa hadhi ya “Sir”.

Mahakamani Bina hakukana. Alieleza kwamba hana chuki na Jackson kama mtu, wala na mkewe. Alichokilenga ni ule utawala ambao Gavana aliuwakilisha. Hoja hii imenisumbua kwa miaka. Twasema cheo ni dhamana, na aliyekivaa aweza kukivua. Risasi, hata hivyo, haijui kumvua mtu joho. Ingempata, angekufa Jackson, mume wa mtu na nahodha wa zamani wa kriketi ya Uingereza, na London ingemteua Gavana mwingine.

Alihukumiwa kifungo cha miaka 9, akaachiliwa 1939. Akajiunga na chama cha Congress, akafungwa tena kwa vuguvugu la 1942, na mwaka 1946 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Bengal. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na cheo, tena cha kura. Na kura, kwa kadiri nionavyo, ndicho chombo kiwezacho kufanya kile alichokidai kizimbani: kumvua mtu cheo na kumwacha hai. Wabengali wa 1932 hawakuwa na kura ya kumwondoa Gavana. Simwoni Bina kuwa hana hatia kwa sababu hiyo, ila naona ni nani aliyemfungia mlango.

Lililobaki latuhusu sisi wenye majoho. Chuo kilimnyima shahada yake. Mtihani alikuwa ameufaulu, na mahakama ilikwisha kumwadhibu. Yeye, katika hasira ya ujana, walau alijaribu kupambanua mtu na cheo. Wasomi, ambao kupambanua ndiyo kazi yao, hawakutaka kupambanua mwanafunzi na mshitakiwa.

Shahada ilitolewa mwaka 2012. Bina alikuwa amefariki tangu 1986.