Safari ya Raha Katika Majira ya Tufani

Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, ana binti aliye muuguzi huko Marekani. Mwaka uliopita, mwezi wa Agosti, alituletea barua tumsomee. Kusoma ajua, lakini hupenda kuyasikia maneno ya mwanawe kwa sauti ya mtu mwingine. Barua ilisema ya kuwa binti na mumewe wamejiwekea akiba kidogo, na mwezi wa Septemba watapanda merikebu kubwa ya matembezi katika bandari ya Miami, wavizunguke visiwa vya bahari ya Karibi kwa siku saba; tena nauli imekuwa rahisi mno, kwa sababu ni majira ya tufani. Mama akatushika mkono, akasema, "Mwalimu, mtu hupunguziwa bei ili aende penye tufani? Nimkataze?"

Tulimwomba atupe siku tatu. Tulidhani swali lake ni jepesi, kumbe lilitukosesha usingizi. Basi twaliweka hapa mbele ya wasomaji, maana si la mama huyu peke yake.

Kwanza yafaa kujua tufani ya huko ni kitu gani. Jina ambalo Waingereza na Waispania huiita lilitoka kwa Wataino, wenyeji wa kale wa visiwa vile, waliokuwa wakiijua kabla ya mzungu kufika. Nguvu zake huzipata katika maji ya bahari yaliyopashwa joto. Kwa hiyo majira yake yahesabiwa tangu tarehe 1 Juni hata 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Upepo ukifika maili 74 kwa saa ndipo huitwa kwa jina hilo, na zilizo kubwa kabisa hufika maili 157 na kuzidi. Kisiwa cha Unguja kilipigwa mara moja na tufani ya namna hiyo, mwezi wa Aprili mwaka 1872, mikarafuu ikang'olewa mashamba kwa mashamba. Kwetu jambo hilo ni la nadra hata likawa hadithi. Huko Karibi ni jambo la kungojewa kila mwaka, kama sisi tungojavyo masika.

Je, binti huyu alikuwa akienda kufa? La, tusimtie mama hofu isiyo na sababu. Tufani ni kama pia ya mtoto: yazunguka kwa kasi sana, lakini mahali pake yasogea polepole, kwa desturi maili 10 au 15 kwa saa. Merikebu hizi huenda maili 20 na zaidi. Tena huko Miami kuna ofisi ya serikali inayozitazama tufani usiku na mchana. Ndege hutumwa kuingia ndani yake na kuipima, na habari hutangazwa siku kadhaa mbele. Nahodha akisikia ya kuwa tufani yaelekea mashariki, yeye ageuza usukani kwenda magharibi. Abiria aliyetazamia kuona kisiwa hiki aonyeshwa kingine, na hati yake ya safari kwa kawaida yasema ya kuwa nahodha ana ruhusa ya kufanya hivyo pasipo kumrudishia kitu. Hilo ndilo fumbo la bei rahisi. Abiria hanunui kifo. Anunua mashaka ya kutojua atakakopelekwa.

Kama mambo yangeishia hapo, tungalimjibu mama siku ile ile. Lakini hatari haikuondoka duniani kwa kuwa abiria ameondolewa njiani mwake. Yaendelea na safari yake, na kuna watu inaowakuta.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1998 kulikuwa na merikebu ya matanga iitwayo Fantome, yenye milingoti minne, iliyofanya kazi ya kutembeza watu wa raha katika bahari ile. Ilianza safari yake katika pwani ya Honduras, na tufani iliyoitwa Mitch ilikuwa ikikaribia, mojawapo ya tufani kubwa mno. Nahodha aliwapeleka abiria wake katika mji wa Belize City, akawashusha wote salama, pamoja na baadhi ya mabaharia. Abiria wakaenda zao. Na merikebu je? Kuikalisha karibu na miamba ya pwani ile kulionekana kuwa hatari zaidi. Ndipo nahodha na watu wake, jumla 31, wakatoka tena baharini wakitafuta pa kujificha. Wakaielekea pwani ya Honduras, wajisitiri nyuma ya kisiwa cha Roatán, maana ilitazamiwa ya kuwa tufani itashika njia ya kaskazini. Haikuishika. Ikageukia kusini, ikawafuata kana kwamba imetumwa. Tarehe 27 Oktoba sauti ya merikebu haikusikika tena. Vilionekana baadaye vifaa vya kuokolea maisha na vipande vichache vya chombo. Watu hawakuonekana hata mmoja. Wengi wao walikuwa watu wa visiwa vile vile na nchi za jirani, wenye mama zao wanaongoja.

Tukisoma habari hizo hatumlaumu nahodha. Aliowachukua kwa nauli aliwafikisha, naye mwenyewe hakuikimbia kazi yake. Wala abiria hawakuua mtu. Lakini swali halituachi: wale waliolala hotelini usiku ule, je, walijua ya kuwa wokovu wao ulikuwa nusu tu ya shauri, na nusu ya pili ilikuwa gizani baharini? Tangu siku zile elimu ya kutabiri njia ya tufani imezidi sana, wala hatusemi ya kuwa merikebu hupotea hivyo kila mwaka. Twasema tu ya kuwa mpishi, mfagiaji na mtandika vitanda hawawezi kuchagua mwezi. Binti wa mama huyu aweza kungoja hata Februari, bahari ikitulia. Wao hawangoji.

Kisha kuna wenyeji wa visiwa. Tarehe 6 Septemba 2017 tufani Irma ilikipiga kisiwa kidogo cha Barbuda kwa upepo wa maili 180 hivi kwa saa. Nyumba zikabomoka karibu zote, na watu wake, wapata 1,800, wakavushwa kupelekwa Antigua hata kisiwa kikabaki mbwa na mbuzi. Haijapita wiki mbili, tufani Maria ikaipiga Dominica, kisha Puerto Rico. Merikebu za raha zilikuwa zimekwisha kukwepa. Kisiwa hakina usukani.

Hapa ndipo mzee mmoja rafiki yetu, tulipokuwa tukizungumza naye, alisema kwa ukali: "Basi ni dhambi kwenda kucheza mlangoni pa msiba." Tulikuwa karibu kukubali. Lakini tufikiri. Watu wengi wa visiwa vile hula kwa wageni: mwenye gari, mwuza kofia, mwanamke mwenye kikapu cha maembe gatini. Wageni wakikaa kwao miezi sita kwa kuwa wana roho safi, mwanamke yule atamwuzia nani? Na baada ya tufani za mwaka 2017 wakubwa wa visiwa walitangaza, njooni, tufunguliwe tena. Tena merikebu moja ya matembezi, Adventure of the Seas, iliachiliwa isifanye safari yake ya raha, ikaenda Puerto Rico na visiwa vya jirani, ikapeleka misaada na kuwachukua watu zaidi ya 3,000 hata Florida. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa asiyesafiri ndiye mwenye huruma. Huenda ni mwenye woga tu, amevaa kanzu ya huruma.

Tulivyoona sisi, kosa haliko katika kupanda merikebu. Kosa liko katika sauti ya abiria pindi nahodha anaposema, "Hatutafika." Mtu aliyenunua kwa bei ya mashaka, kisha adai haki ya bei ya hakika, ndiye mwenye hatari, maana manung'uniko ya watu elfu tatu yana uzito, na tajiri mwenye merikebu huyasikia, na nahodha ni mwajiriwa. Mwaka 1502 Columbus alimwonya liwali wa Santo Domingo ya kuwa dalili za tufani zimeonekana, asiruhusu merikebu zitweke. Liwali akampuuza, merikebu wapata 30 zikaondoka, na nyingi zaidi ya nusu zikazama, na watu wapata 500. Wasomaji watakumbuka pia jinsi akida alivyomsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Katika habari hizo zote mbili onyo lilikuwapo. Lililokosekana ni mtu aliye tayari kupata hasara.

Siku ya tatu tulimwambia mama asimkataze. Alikubali kwa shida, akatuamuru tuandike: "Nendeni. Mkirudishwa njiani, msinung'unike. Na yule anayewaletea chakula, mwulizeni kwao ni wapi."

Jibu lilikuja Oktoba. Tufani ilitokea kweli, na merikebu ikageuzwa siku ya tatu; visiwa viwili walivyoahidiwa hawakuviona. Mezani watu waligombana, wakataka fedha zao. Binti alinyamaza, akamwuliza mwandazi wake kama alivyoagizwa. Alikuwa kijana wa kisiwa ambacho tufani ilikuwa ikikiendea. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta habari za nyumbani na hazipatikani, naye huku abeba sahani na kutabasamu.

Tulipomaliza kusoma, mama alituuliza kama mama wa kijana yule alionekana. Tuliigeuza karatasi nyuma na mbele. Barua haikusema.