Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kwa misimu miwili nilikuwa mkalimani wa wageni waliokuja kujitolea katika kijiji kimoja karibu na Voi, mahali mashamba yanapopakana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Asubuhi wageni walichanganya simiti na kokoto kujenga darasa, mchana wakafundisha Kiingereza, wikendi wakapanda gari kwenda kuhesabu ndovu. Wiki mbili zikiisha walituaga kwa machozi, nasi tukawaimbia. Kisha kundi lingine likaja.

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini kuna mmoja wa wakati ule ambao haujaniacha.

Siku ya kuliaga kundi moja, mama mmoja alisimama mkutanoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndovu walikuwa wamepita shambani kwake, na mahindi yaliyobakiza wiki chache kukomaa yalikuwa yamelala chini. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwanangu, hebu niulizie hawa wageni. Wanawapenda ndovu, sawa. Kuna mmoja wao anayeweza kuja kukesha shambani kwangu usiku mmoja tu, tugonge debe pamoja?"

Watu walicheka kidogo, wakanyamaza. Wageni wakanigeukia. Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba mama anawashukuru kwa kuwapenda wanyama wetu. Wakapiga makofi. Mama akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia watalifikiria.

Kwa nini? Nilijitetea kwa adabu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini adabu gani hiyo? Darasa lilikuwa limefika kwenye lenta, mabati yalikuwa hayajanunuliwa, na mwalimu mkuu alikuwa ananitazama. Adabu yangu ilikuwa na bei, na bei yake ni mabati.

Mjadala kuhusu hawa wanaokuja Afrika kujitolea huishia kwenye mioyo yao. Wengine husema ni watu wema, wengine husema ati wanatafuta picha tu. Mimi nilimwona msichana wa miaka kumi na tisa viganja vimemtoka malengelenge, akakataa kuweka karai chini. Moyo wake sina shaka nao. Swali linaloninyima usingizi ni jingine: je, msaada unaweza kuwa mwema ikiwa anayeupokea hana njia ya kuukataa, wala ya kusema umekosewa?

Maana si mimi peke yangu niliyedanganya. Fundi alipoona mstari wa matofali umepinda, alisema "sawa sawa," kisha jioni akaurekebisha. Watoto wa darasa la nne walikuwa wamefundishwa wimbo uleule wa kutaja viungo vya mwili na kila kundi lililopita. Kundi jipya likija, walianza tena kwa kusitasita, kana kwamba hawajawahi kuusikia. Walikuwa wamejifunza kuigiza kutojua. Na kijana aliyesomea ualimu, ambaye alikuwa bado anasubiri kuajiriwa na TSC, aliibeba mizigo ya hao walimu wa wiki mbili kwa bodaboda yake. Kuhusu yeye hakuna aliyedanganya, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1968, huko Mexico, padri Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliotaka kujitolea vijijini kwamba waje kutazama, kupanda milima na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Akaongeza kwamba wakishindwa kujizuia, basi wafanye kazi na maskini wanaoweza kuwafukuza. Hoja hiyo ya mwisho inanichoma. Mgeni asiyejua lugha hawezi kuambiwa hapana. Lakini pale kijijini lugha ilikuwepo. Lugha yenyewe ilikuwa mimi.

Ndiyo maana sikubaliani na Illich hadi mwisho. Wahenga wetu hawakusema mgeni asije. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuusikia msemo huo kama kejeli kwa mgeni mvivu. Mimi nausikia kama heshima. Aliyepewa jembe ameacha kuwa wa kutazamwa. Anaweza kuonyeshwa mahali pa kulima, na akikata mche badala ya magugu, anaambiwa. Sisi wageni wetu tuliwapa sepetu siku ya kwanza, tukawapigia makofi. Siku ya tatu haikufika kamwe.

Na ukiitafuta kazi ya aina hiyo, haiko mbali. Kule Sagalla, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye hugeuka. Mradi huo ulikuja na watafiti, wageni miongoni mwao. Lakini anayelala pale ni mkulima, asali anauza yeye, na ndovu wakipita bado, yeye ndiye wa kwanza kujua na kusema.

Mwaka uliofuata nilimwendea yule mama, nikamweleza nilichokuwa nimetafsiri. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia kwa mimea iliyoharibiwa, lakini siku ile yeye hakuwa ameomba pesa. Aliomba mtu wa kukesha naye. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe, kisha akacheka.

"Nilijua," akasema. "Nani hupiga makofi akiombwa kulala na ndovu?"

Nilidhani nilikuwa nimemkosea yeye tu. Njiani nikamkumbuka yule msichana wa malengelenge. Alikuwa ameketi mstari wa mbele siku ile, ananitazama mdomoni. Kama ningemtafsiria swali lilivyoulizwa, nadhani angekubali.