Matofali ya Nagoya

Asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 1891, kabla ya saa moja, ardhi ya katikati ya Japani ilitikisika kwa nguvu zisizo za kawaida hata katika nchi iliyozoea matetemeko. Tetemeko hilo huitwa la Nobi, kwa jina la uwanda lilikotokea, na ukubwa wake unakadiriwa kufikia 8. Katika bonde la Neo ardhi ilipasuka, na mahali paitwapo Midori upande mmoja ulipanda juu ya mwingine kwa mita 6 hivi. Watu zaidi ya 7,000 walifariki. Nyumba za mbao zenye mapaa mazito zilianguka kwa makumi ya maelfu, na hilo lisemwe mapema, mtu asije akadhani kwamba kila kilichokuwa cha jadi kilinusurika.

Lakini kilichowakosesha usingizi wahandisi wa Tokyo kilikuwa kingine. Katika mji wa Nagoya jengo la posta liliporomoka. Kiwanda cha kusokota pamba cha Owari kiliwaangukia wafanyakazi wake. Yote mawili yalikuwa majengo mapya ya matofali, yaliyojengwa kwa elimu ya Ulaya. Kwenye mto Nagara, daraja la reli la chuma kutoka Uingereza lilivunjika nguzo, na sehemu zake zikatumbukia mtoni. Katika mji uleule wa Nagoya, mnara mkuu wa ngome ya kale, kazi ya maseremala wa karne ya 17, ulibaki umesimama.

Naileta habari hii kwa walimu wa uhandisi, na kwa viongozi wanaotia saini hati za ushirikiano kati ya vyuo vyetu na vya nje, kwa sababu matofali yale hayakujengwa na wazembe. Yalikuwa zao la elimu iliyotokana na ushirikiano wa kimataifa ambao mpaka leo husifiwa kuliko karibu wowote katika historia ya fani hii. Na unastahili sifa. Ndiyo maana kasoro yake inafundisha.

Mwaka 1863 vijana watano wa jimbo la Choshu walitoroshwa kwa meli kwenda Uingereza, wakati ambapo Mjapani aliyetoka nchini bila idhini adhabu yake ilikuwa kifo. Mmoja wao, Yamao Yozo, alifika Glasgow. Mchana alifanya kazi katika karakana ya meli ya Napier, jioni akahudhuria masomo katika chuo cha Anderson. Aliporudi kwao mwaka 1868 akawa anashikilia jambo moja: nchi ianzishe chuo cha uhandisi. Aliambiwa kwamba Japani haina viwanda, sasa wahandisi wa nini? Jibu lake linakumbukwa hadi leo. Wapatikane watu kwanza, viwanda vitaletwa na watu hao.

Mwenzake wa safari ile ya kutoroka, Ito Hirobumi, akiwa Uingereza mwaka 1872 na ujumbe wa serikali, ndiye aliyetafuta walimu. Aliyechaguliwa kuwaongoza alikuwa Henry Dyer, kijana wa Uskoti wa miaka 25 hivi, aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza Chuo Kikuu cha Glasgow. Naye alikuwa amepita katika masomo ya jioni ya chuo kilekile cha Anderson. Dyer aliandika mtaala akiwa melini, na alipofika Tokyo mwaka 1873 Yamao akaukubali.

Mtaala huo unastahili kutazamwa kwa makini. Wakati ule Mwingereza alijifunza uhandisi kwa kukaa chini ya fundi mkuu miaka kadhaa, mikono ikizoea kazi, hesabu na fizikia akaziokota popote atakapozipata. Mfaransa na Mjerumani walisoma nadharia chuoni kwanza. Dyer alizichanganya njia hizo mbili. Masomo yalikuwa ya miaka 6: miwili ya msingi wa sayansi, miwili ya fani, ambapo nusu mwaka mwanafunzi alikuwa chuoni na nusu mwaka kazini, kisha miwili ya mwisho yote ikawa ya kazi. Serikali ilikuwa na karakana zake za Akabane, mjini Tokyo, na huko vijana walichafuka mikono kwenye mashine halisi. Uingereza yenyewe haikuwa na chuo cha namna hiyo. Profesa William Ayrton, aliyefundisha telegrafu na umeme, alijenga Tokyo maabara ambamo mwanafunzi alipima mwenyewe badala ya kutazama mwalimu akipima. Aliporudi London, yeye na mwenzake John Perry waliuingiza mtindo huo katika chuo cha ufundi cha Finsbury. Kwa hiyo mbinu za ufundishaji zilizokomaa Tokyo zilirudi zikaboresha elimu ya London, jambo ambalo waandishi wa mikataba ya siku hizi hawalifikirii: kwao maarifa husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa mfadhili kwenda kwa mfadhiliwa.

Tena Japani ililipa yenyewe. Wageni hao walikuwa waajiriwa wa wizara ya kazi za umma, na mishahara yao ilikuwa mizigo mizito kwa hazina changa, lakini aliyelipa ndiye aliyepanga. Na alipanga waondoke. Wahitimu wa kwanza, 23, walitoka mwaka 1879. Kumi na mmoja kati yao walipelekwa Uingereza kusoma zaidi ili warudi kushika nafasi za walimu wao. Dyer mwenyewe aliondoka mwaka 1882. Mwaka uliofuata alihitimu kijana aitwaye Tanabe Sakuro, aliyeandika tasnifu yake juu ya mfereji wa kuleta maji ya ziwa Biwa mjini Kyoto. Akakabidhiwa kazi hiyohiyo aiongoze, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1890. Nadhani hapa ndipo chuo kile kilipofanya kazi yake bora kabisa. Tasnifu ile haikuishia kwenye rafu ya maktaba. Ilikuwa swali la Kyoto, na Kyoto ililijibu kwa maji.

Ubovu ulikuwa upande wa majengo. Mwaka 1877 alifika Josiah Conder, Mwingereza mwenye miaka 24, kufundisha usanifu majengo. Hakuwa mtu wa dharau. Alikaa Japani mpaka kufa kwake, akajifunza kuchora kwa mchoraji wa Kijapani, akaandika juu ya bustani za nchi hiyo. Lakini alifundisha alichokijua: matofali, mawe, matao, mapambo ya Ulaya. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na mifano ya vitabuni ilitoka katika nchi ambayo mwashi wake hana sababu ya kuuliza ukuta utafanya nini siku ardhi itakapokwenda kando. Serikali yenyewe ilitaka hivyo. Matofali yalikuwa alama ya maendeleo, na yalizuia moto, adui mkubwa wa miji ya mbao.

Mmoja wa wanafunzi wanne wa kwanza wa Conder alikuwa Tatsuno Kingo. Alipelekwa London, akafanya kazi katika ofisi ya msanifu maarufu William Burges. Siku moja Burges akamwomba amweleze kuhusu majengo ya kale ya Japani: yamejengwaje, historia yake ni ipi? Tatsuno hakuwa na la kusema. Alikuwa amesoma miaka yote ile, ameongoza darasa, na swali la kwanza la mgeni kuhusu kwao likamshinda. Aliona aibu, na aibu ile ilizaa matunda. Alipokuja kuwa profesa, alimwita Kigo Kiyoyoshi, aliyetoka katika ukoo wa maseremala wa jumba la mfalme, aje afundishe ujenzi wa Kijapani katika Chuo Kikuu cha Kifalme, ambacho chuo cha Dyer kilikuwa kimeunganishwa nacho mwaka 1886. Kigo alianza vipindi vyake mwaka 1889. Seremala alisimama mbele ya wanafunzi wa shahada miaka miwili tu kabla ya Nagoya kuanguka.

Kinachouma zaidi ni kwamba elimu ya matetemeko ilikuwa chuoni humohumo. John Milne, profesa wa madini na jiolojia, alifika Tokyo mwaka 1876, na tangu mwanzo mitikisiko ilimshughulisha. Tetemeko la Yokohama la Februari 1880 lilipopasua kuta na kuangusha mabomba ya moshi, yeye na wenzake waliunda chama cha elimu ya matetemeko, cha kwanza duniani. Yeye, James Ewing na Thomas Gray walitengeneza vyombo vya kurekodi mwendo wa ardhi ambavyo havikuwa na mfano. Hawa walikuwa wageni waliokuja kufundisha, nchi yenyewe ikawafundisha, nao wakakubali kufundishwa. Lakini yaliyopimwa katika chumba cha Milne yalijadiliwa mikutanoni na kuchapishwa katika majarida. Hayakuwa bado kanuni ambayo mwanafunzi angeitumia kukokotoa unene wa ukuta. Idara moja ilijua ardhi inavyokwenda. Idara nyingine ilifundisha kujenga kana kwamba ardhi imetulia. Mwanafunzi aliyepaswa kuziunganisha alikuwa akikariri matao ya Ulaya kwa ajili ya mtihani.

Baada ya Nobi mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa kazi ngumu ya miaka mingi. Mwaka 1892 serikali iliunda kamati ya kuchunguza matetemeko, ikiwaweka pamoja watu wa fizikia, jiolojia na ujenzi. Milne na mwanafunzi wa zamani wa chuo kikuu hicho, Omori Fusakichi, walisimamisha nguzo za matofali juu ya meza inayotikiswa, wakazitikisa mpaka zikavunjika, wakaandika ni mtikisiko wa nguvu kiasi gani uliozivunja. Matokeo yalitoka mwaka 1893 yakiwa na majina yao wote wawili. Baadaye Sano Toshikata alikwenda San Francisco kuangalia uharibifu wa tetemeko la mwaka 1906, na kufikia mwaka 1916 alikuwa ameandika njia ya hesabu ambayo mhandisi wa kawaida angeweza kuitumia mezani: nguvu ya tetemeko ichukuliwe kuwa sehemu fulani ya uzito wa jengo, ikisukuma kutoka ubavuni. Tetemeko la mwaka 1923 liliua watu zaidi ya 100,000 Tokyo na Yokohama, na mwaka uliofuata hesabu hiyo ikaingia katika sheria ya ujenzi. Stesheni ya Tokyo ya Tatsuno, iliyofunguliwa mwaka 1914, ina sura ya matofali mekundu ya Ulaya, ila ndani imeshikwa na kiunzi cha chuma. Haikuanguka mwaka 1923.

Hesabu miaka: kutoka darasa la kwanza la Dyer hadi sheria ile ni nusu karne. Katikati yake kuna makaburi.

Sisi wa Tanzania tulianza miaka 100 kamili baada ya Dyer. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mafunzo kwa vitendo viwandani yakawekwa ndani ya shahada. Mwaka 1981, huko Juja, Kenya, Japani ilisaidia kuanzisha chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Nchi iliyokodi walimu kutoka Glasgow ilikuwa sasa inapeleka walimu. Vyuo hivi vimetupa wahandisi wa kweli, na sina nia ya kuwabeza walioviasisi.

Lakini tazama mwanafunzi wa ujenzi alichosoma. Kwa miaka mingi, Tanzania na Kenya, zege lilifundishwa kwa kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 8110, ambacho Waingereza wenyewe walikiondoa mwaka 2010. Kiliandikwa kwa ajili ya kisiwa ambacho tetemeko si hofu ya kila jengo. Sisi tumekaa kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba, mkoani Kagera. Lilikuwa dogo mno mbele ya lile la Nobi, hata hivyo watu zaidi ya 15 walifariki, maelfu ya nyumba za tofali yakapasuka au kuanguka, na shule za sekondari Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa sababu majengo yake hayakukalika tena. Tofali la Kagera linachomwa na mafundi wa Kagera, kwa udongo wa Kagera. Nguvu yake halisi, na ya udongo wa kuliungia, haimo katika kitabu chochote kutoka Leeds wala Tokyo. Itajulikana pale mwanafunzi wetu atakapolibeba hadi maabara na kulivunja.

Kuna mambo mengine ya aina hiyo. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukipasua misingi ya nyumba na barabara za lami. Nondo zinazoliwa na chumvi katika majengo ya pwani, kuanzia Tanga mpaka Lamu. Kila mhandisi mzoefu huku anayajua, ameyajifunza kwa hasara ya mteja, na mara nyingi hajapata kuombwa aje ayaseme darasani. Akina Kigo wetu wapo. Wako kwenye saiti.

Mikataba mingi ya ushirikiano inayotiwa saini sasa huorodhesha kubadilishana wanafunzi, ziara za wahadhiri, vifaa vya maabara na warsha za mbinu za kufundisha. Vyote vinafaa. Naomba kiongezwe kifungu kimoja: kila mhadhiri mgeni, pamoja na vipindi vyake, aendeshe na wanafunzi wa hapa utafiti mmoja wa tatizo la hapa, fundi au mhandisi wa eneo hilo awe mmoja wa wasimamizi, majina ya wote yaandikwe kwenye ripoti kama yalivyoandikwa ya Milne na Omori, na matokeo yaingizwe katika mtaala na mtihani wa mwaka unaofuata, mgeni akiwa bado yupo.