Sabufa, Sebule na Ukuta wa Jirani

Swali lenyewe ni la dukani. Kijana ana sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili, ndani mna kochi, meza, kabati la vyombo na TV. Imebaki pembe moja tu. Je, anunue sabufa ya ukubwa gani? Muuza duka wa Tunduma atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: "Chukua hii kubwa, kaka, hii inagonga mpaka Nakonde." Anatania, kwa kuwa Nakonde ni nchi ya watu, ng'ambo ya mpaka. Lakini ndani ya utani huo mna falsafa nzima, na ndiyo ninayotaka tuichambue, ndugu msomaji. Sifa ya kwanza ya sabufa, machoni pa muuzaji na mnunuzi, ni kwamba inasikika kwa mtu ambaye hakuinunua.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kwa mafundi, sabufa ni spika moja tu, ya kutoa sauti nzito za chini. Kwa sisi wa mtaani ni seti nzima: boksi kubwa, spika zake ndogo, mahali pa kuchomeka flashi, rimoti, na taa zinazocheza rangi rangi. Mimi hapa nazungumzia lile boksi kubwa, maana ndilo lenye kesi. Spika ndogo hazijawahi kugombanisha wapangaji.

Na Tunduma ni mji wa wapangaji. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na reli ya TAZARA zote zinapitia hapa kwenda Zambia, na tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Malori ya Copperbelt na Lubumbashi yanapanga foleni. Madereva, mawakala wa forodha, makuli, machinga, mama lishe, wote hao wanahitaji pa kulala. Ukiingia Sogea au Majengo utazikuta nyumba za kupanga: korido katikati, vyumba huku na huku, kila mlango na familia yake. Katika nyingi ya nyumba hizo matofali ya kuchoma yanapanda mpaka kwenye kenchi, yanaishia hapo. Siling bodi hakuna. Juu ya kuta zote kuna hewa moja chini ya bati moja. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha nne wanakupa pole.

Basi tunaposema "nafasi ni ndogo", tunasema nafasi ya nani?

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sebule yako yenye futi kumi na mbili haifiki hata mita 4. Yaani wimbi moja la besi likinyooshwa litakula sebule, korido na chumba cha mtu mwingine. Huwezi kulinunulia boksi dogo likawa fupi. Ukitaka noti ile, unataka na urefu wake.

Kuna na jambo jingine, nalo lilinichekesha nilipolielewa. Katika chumba cha urefu huo, sauti ya mitetemo 47 hivi kwa sekunde hugonga ukuta huu, ikarudi, ikagonga ule, mpaka ikasimama kama maji ndani ya beseni lililotikiswa: kuna mahali inapanda na mahali imetulia tuli. Inapanda kwenye kuta mbili, inatulia katikati. Kijana aliyeweka stuli katikati ya sebule anasema "besi ndogo, ongeza!" Anaongeza. Kumbe besi yote iko ukutani, inausukuma, na upande wa pili wa ukuta huo pana kitanda cha mtu. Wapo wanaobandika trei za mayai ukutani wakidhani watazuia. Trei ya mayai hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba. Besi haina habari nayo, inapita kama mgeni rasmi.

Kwenye maboksi nako kuna uongo ambao sisi vijana tumeuzoea mno. Wanaandika wati 10,000, na pembeni herufi PMPO. Geuza boksi usome kibandiko cha nyuma kwenye waya wa umeme: wati 60, pengine 80. Chombo hakiwezi kutoa nguvu kisiyoingiza. Wati 10,000 za kweli, kwa umeme wetu wa volti 230, zingehitaji zaidi ya ampea 43, na kawaya kale kembamba kangeungua kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Debe tupu haliachi kuvuma, ila siku hizi linakuja na rimoti.

Ukweli wa boksi ulisemwa na wataalamu zamani. Josef Anton Hofmann, ambaye ndiye "H" katika jina la kampuni ya KLH ya Marekani, ana kanuni inayobeba jina lake: boksi dogo, besi ya kushuka chini sana, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, chagua mawili, la tatu utalikosa. Kabla ya hapo, mwaka 1954, Edgar Villchur alikuwa ameleta spika yenye boksi dogo lililozibwa kabisa, ambalo hewa ya ndani ndiyo inayofanya kazi ya springi. Lilishuka chini vizuri, ila lilidai umeme zaidi. Mabasi, sorry, maboksi mengi ya madukani kwetu yana tundu mbele au ubavuni. Tundu huongeza mvumo bila gharama, ndiyo maana linapendwa. Lakini boksi dogo la bei rahisi lenye tundu aghalabu hung'ang'ania noti moja: nyimbo zote, iwe amapiano, singeli au kwaya, zinapiga "du" ile ile.

Hadi hapo nimeongea kama fundi. Swali linalonisumbua ni hili: je, nina haki ya kufurahia kitu ambacho siwezi kukifungia ndani?

Immanuel Kant, mwaka 1790, alilalamika kwamba muziki unakosa ustaarabu wa mjini. Unajisambaza kwa majirani bila kuombwa, akaufananisha na mtu anayetoa leso yenye manukato mfukoni, akawalazimisha wote walio karibu kunusa. Picha, ukichoka, unageuza macho. Sikio halina kope. Namkubali nusu. Nusu nyingine simkubali, kwa sababu mzee yule hakukulia kwenye ngoma.

Neno letu ngoma ni chombo, ni mchezo, ni shughuli yenyewe, na siku hizi "ngoma mpya" ni wimbo uliotoka jana. Ngoma ya uwanjani ilisikika mbali kuliko sabufa yoyote ya Sogea. Mbona haikuitwa kero? Nadhani ni kwa sababu kusikika kwake kulikuwa ni mwaliko. Aliyeisikia alikuwa ameshaalikwa. Ilikuwa na siku yake, sababu yake, na saa ya kukoma. (Sisemi kwamba zamani palikuwa peponi, bila shaka wapo waliojifunika shuka kichwani wakisonya.) Majirani zetu wa Zambia wana muziki mzima, kalindula, uliopewa jina la chombo chake cha besi cha kutengeneza kwa mikono. Besi si upuuzi wa vijana. Ndiyo inayoinua watu vitini. Sabufa ya kwenye pembe ya sebule imechukua umbali wa ngoma, ikauacha mwaliko. Inawafikia watu wote wa korido, na haimkaribishi hata mmoja.

Mshkaji mmoja, mwandishi mwenzangu, alinipinga vikali. "Mwenye nyumba ya uzio na uwanja mkubwa anapiga mpaka alfajiri, hakuna anayesema. Mpangaji akiongeza volyumu kidogo tu, mnamletea wazungu na falsafa. Huo utulivu mnaoutaka ni mali ya wenye viwanja." Hoja hii ina uzito, sikuipuuza. Ni kweli kwamba furaha ya kelele imegawanywa kwa kadiri ya ardhi. Lakini anayeilipia furaha yangu mimi mpangaji ni nani? Mwenye uwanja hasikii kitu. Analipia kuli aliyerudi saa kumi na moja alfajiri, au mama mwenye mtoto mchanga, mpangaji kama mimi, kodi ile ile, bati lile lile. Ningekuwa naonea wenye viwanja, labda ningeitetea.

Sheria ipo. Tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ila kipimo cha kelele kinachotumika sana duniani, desibeli A, kilifuata namna sikio linavyosikia sauti ndogo, na sikio kwa sauti ndogo ni zito kwa besi. Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933. Kwa hiyo kipimo hicho hupunguza desibeli 30 hivi kwenye sauti ya mitetemo 50. Besi inaweza kutikisa vifuniko vya masufuria ya jirani, na mashine ikaona pametulia. Kwenye jambo hili siwezi kumwachia afisa mazingira dhamiri yangu.

Nilichofanya kabla ya kununua ni kuazima sabufa kwa siku moja, kisha nikapiga hodi kwa jirani wa ukutani. Ni dereva wa malori ya Kongo, kanizidi umri sana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, vipi tena?"

Nikamwomba nikae chumbani kwake dakika tano, huku mdogo wangu akipiga muziki upande wetu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ajabu, akanipa stuli. Nikakaa, mgongo ukutani. Wimbo niliupenda, niliujua neno kwa neno. Kule kwake haukuwepo. Sauti ya mwimbaji ilibaki kama mnong'ono huko juu ya kenchi, gitaa halikufika, kilichofika ni "du, du, du" na kitasa cha mlango kikitetema. Ukuta ulikuwa umechuja wimbo wote ukamletea makapi.

Akacheka. "Yule aliyehama kabla yenu, nyimbo zake zote nilizijua kwa mdundo. Hakuna hata moja ninayojua inasema nini."

Hayo ndiyo yaliyoamua ukubwa. Nimechukua boksi dogo lililozibwa, spika ya inchi sita na nusu. Halishuki chini kama yale makubwa, lakini kila noti unaitambua. Nimeliweka kwenye pembe ya ukuta wa nje, unaotazama barabara, juu ya vipande vinne vya tairi kuukuu ili lisikanyage sakafu moja kwa moja. Kitufe cha besi kinaishia kabla ya nusu. Mshkaji wangu alipokuja akaniuliza nimeugua lini.

Tukapatana na jirani: siku akiingia usiku na gari, sipigi mpaka saa nane mchana, mlango wake ukiwa na kufuli, niko huru. Nikafikiri tumemaliza, nikainuka. Akaniita nikiwa mlangoni, akasema jioni nikipiga nisijifungie, niache mlango wazi, na yeye apate maneno. Halafu akauliza kama nina kalindula.