Zaburi Katikati ya Dhoruba

Jioni ya Jumapili, Januari 25, 1736, merikebu Simmonds ilikuwa katika bahari ya Atlantiki ikielekea koloni la Georgia, na dhoruba ya tatu ilikuwa ikiipiga tangu adhuhuri. Wajerumani waliokuwa ndani, waumini wa Kimoraviani, walikuwa wameanza ibada yao kwa zaburi. Wimbi likapanda, likalirarua tanga kuu, maji yakamiminika hadi walimokaa abiria. Waingereza wakapiga mayowe. Wajerumani wakaendelea kuimba.

John Wesley, kasisi wa Kianglikana mwenye umri wa miaka 32, msomi wa Oxford, alikuwa akiwatazama huku akijua fika kwamba yeye anaogopa kufa. Baadaye akamwuliza mmoja wao kama hawakuogopa. Hapana, akajibiwa. Hata wanawake na watoto? Hata hao hawakuogopa kifo.

Jibu hilo halikugusia kuokoka. Hakuna aliyedai kwamba Mungu amemwahidi merikebu haitazama, na hapo ndipo mahubiri mengi ya siku hizi yanapoteleza, yakiuza imani kama bima ya ajali.

Wala utulivu ule haukuzuka siku ya tufani. Wesley aliandika kwamba safarini watu hawa waliwafanyia abiria wengine kazi za chini ambazo Mwingereza asingekubali kuzigusa, wakakataa malipo, wakisema zinawafaa kwa kuishusha mioyo yao yenye kiburi. Aliyesukumwa au kupigwa aliinuka akaenda zake bila kulalamika. Askofu wao, David Nitschmann, alikuwa seremala. Chimbuko lao lilikuwa Herrnhut, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 katika ardhi ya Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani, na wakimbizi walioacha nyumba na mashamba Moravia kwa ajili ya dini. Aliyekwisha kuacha vyote mara moja, bahari itamnyang'anya nini tena?

Wesley hakuupata utulivu huo upesi. Alirudi Uingereza mwanzoni mwa 1738 akiwa amevunjika moyo. Mei 24 mwaka huo, katika mkutano wa Aldersgate jijini London, alihisi moyo wake ukipata uhakika, na majira ya joto akafunga safari hadi Herrnhut kuwaona wenyewe.

Halafu Wesley na Wamoraviani wakagombana. Mwishoni mwa 1739, baadhi ya wenzake katika jumuiya ya kidini ya Fetter Lane, London, walianza kufundisha kwamba asiye na imani kamili akae kimya tu, aache hata meza ya Bwana, mpaka Mungu amjie. Wesley alikataa katakata, na Julai 1740 akajitenga nao, akifuatwa na wachache. Kwake, mwenye hofu ndiye hasa wa kusali na kushiriki. Na hilo alikuwa amejifunza kwa Mmoraviani: Peter Böhler, Machi 1738, alimkataza kuacha kuhubiri alipojiona hana imani.