Hati ya Kiwanja na Njia ya Majini

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Ndivyo wasemavyo wenye nyumba kando ya Ziwa Kivu, wakiulizwa kwa nini kuta zao zimeshuka mpaka majini. Katika mji wa Bukavu, uliojengwa juu ya vilima na rasi ziingiazo ziwani, kama Nguba na Muhumba, neno hili limeleta ubishi wa miaka mingi. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa vijijini walikimbilia mjini. Viwanja vikapungua, bei ikapanda, na ukingo wa ziwa, uliokuwa njia ya watu wote, ukagawanywa mahali pengi kipande kwa kipande.

Upande mmoja husimama mwenye kiwanja. Anayo hati yenye mhuri. Amelipa kwa jasho lake. Tena anaogopa wezi wa usiku. Upande wa pili husimama mama achotaye maji na kununua sambaza kwa wavuvi alfajiri. Yeye hana hati yoyote. Anayo njia tu, aliyoonyeshwa na mama yake, na njia hiyo sasa yaishia ukutani. Je, mwenye haki ni yupi?

Hapana budi kupambanua mambo mawili: kosa na wajibu. Mtu akinunua mbuzi sokoni kwa bei ya halali, asijue kwamba ameibwa, huyo si mwizi. Lakini mwenyewe akija na mashahidi, mnunuzi hawezi kujibu, "Nimelipa," kisha akamchinja. Tangu saa ile alipojua, kumzuia mbuzi ni kushiriki wizi. Fedha zake na amdai yule aliyemwuzia. Basi, kutokuwa na kosa si kutokuwa na wajibu.

Ndivyo ilivyo kwa ukingo wa ziwa. Aliyenunua kwa moyo mweupe hana lawama. Lawama ni ya yule aliyetia sahihi huku akijua kwamba pale hupita watu wote. Lakini mwenye nyumba akiisha kuona wanawake wakizunguka kilima na ndoo kichwani, hati haimwondolei wajibu. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Taifa. Raia hupewa haki ya kuikaa na kuitumia. Naye Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba haki ya kumiliki haikosi mpaka, wenzetu wakiwa na uhitaji.

Wengine huuliza: "Mbona maskini nao wamejenga ukingoni na mitelemkoni?" Ni kweli. Tena taka zao hushuka ziwani pamoja na taka za matajiri, zikafuata maji mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi, zikaiziba, na giza likawapata wote sawasawa. Wote wana wajibu, ila mizigo yao hailingani. Ajengaye kwa kukosa pa kulala hafanani na ajengaye kwa kupenda kutazama maji. Wa kwanza asiondolewe kabla hajaonyeshwa mahali pengine. Wa pili aweza kurudisha ukuta wake hatua chache, wala asipoteze kitu ila anasa.

Je, nyumba zibomolewe? Si lazima kila mara. Mahali pengine yatosha njia nyembamba, ya kupita mtu mwenye ndoo, yenye mlango ufungwao usiku kwa ajili ya wezi na kufunguliwa alfajiri kwa ajili ya majirani. Daftari ni kitu chema, maana hulinda mali isipotee. Bali njia ya jirani nayo ni mali, ingawa haikuandikwa. Mwenye hati na aihifadhi hati yake, na njia aifungue.